Siku Trekta la Mulumba Lilipotiwa Bei

Watu wa Kolwezi waliokuwa na kitu chochote chenye injini cha kuuza walimjua Mukalay kwa mkono wake wa kulia. Alikuwa akifika uani kwa mtu alfajiri, kabla ya chai, na kabla hata ya kumaliza salamu alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akafunua boneti na kuweka kiganja juu ya bloku ya injini. Alikiacha pale kidogo, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kisha aliwageukia muuzaji na mnunuzi, waliokuwa wamesimama nyuma yake kimya, akasema neno moja: "Baridi." Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kama bloku ilikuwa na joto, hata lile joto dogo lililobaki tangu usiku, alishusha boneti polepole, akavaa kofia yake na kusema, "Kesho." Hakuna aliyebishana naye. Muuzaji aliinamisha kichwa, mnunuzi akapanda baiskeli yake, na keshoye wote watatu walirudi.

Sababu yake ilikuwa rahisi, ingawa leo ukiwaeleza vijana wanakuona umechanganyikiwa. Injini ya dizeli iliyozeeka, ikishapashwa joto, hudanganya. Inawaka kwa pigo moja, inaunguruma vizuri, moshi wake ni mwepesi. Mtu anaiona anadhani ina maisha mengine kumi. Lakini ilaze usiku kucha katika baridi ya mwezi wa sita, kisha iguse asubuhi, ndipo utajua pete za pistoni zimebaki nini na pampu ya mafuta ina nguvu gani. Mashine ikiwa moto hukuonyesha inavyotaka kuonekana. Ikiwa baridi hukuonyesha ilivyo.

Baada ya kuiwasha, Mukalay alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta juu ya karatasi nyeupe, akatazama ile alama dhidi ya mwanga wa jua. Alifungua kifuniko cha oili akaona kama injini inapumua moshi. Alitikisa magurudumu, akasoma saa za kazi kwenye kioo, akasikiliza gia. Mwisho aliandika bei kwenye karatasi ile ile yenye doa la oili, akatia sahihi. Karatasi hiyo ilikuwa na nguvu kuliko mihuri mingi. Wafanyabiashara wa Tenke, wakulima wa Sandoa na mapadre wenye jenereta wote waliipokea bila kuuliza la pili. Walimpa jina la Tata Baridi, yaani Mzee Baridi, na alilipenda, ingawa hakulisema.

Siku hizi mtu anauza lori kwa picha ya simu. Mwenye lori yuko Lubumbashi, mnunuzi yuko Kolwezi, na mashine yenyewe iko sehemu ambayo hakuna kati yao aliyeiona. Wanaita hayo maendeleo.

Mkono ule Mukalay hakuzaliwa nao. Alifundishwa na Mulumba.

Mulumba alikuwa mkuu wa mafundi katika gereji kubwa ya kampuni ya migodi, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi hata kama siku nzima atalala chini ya lori. Baba yake aliletwa kutoka Kasai na waandikishaji wa kazi zamani sana, kabla ya vita ya Wajerumani ya pili. Mulumba mwenyewe alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi. Kasai aliijua kwa nyimbo za mama yake tu. Mukalay alikuwa Mluba wa upande wa Bukama, mtoto wa kaskazini ya Katanga, aliyeingia gerejini mwaka 1964 akiwa hajui hata kushika spana. Mulumba alimfundisha kazi, akamfundisha kusoma vitabu vya mashine kwa Kifaransa, akamfundisha kula kwa kijiko bila kumwaga oili mezani. Kila walipomaliza kazi Mulumba alimwambia maneno yale yale: "Nawa mukono, tukule." Na walikwenda kula kwa mama Adolphine, mke wa Mulumba.

Mwaka 1967 Mukalay alitumwa peke yake kupima lori la mtu mmoja mwenye duka. Alilikuta moto. Mwenye duka alimkaribisha soda, akasema limetoka kubeba maji sasa hivi, na Mukalay, kwa haya ya ujana, alilitia bei. Alipomsimulia Mulumba jioni, Mulumba hakupandisha sauti. Alimwuliza tu, "Uliweka mukono?"

"Niliweka, tata."

"Ikakwambia nini?"

"Ilikuwa moto."

"Na wewe ukasema nini?"

Kesho yake, saa kumi na moja ya asubuhi, Mulumba alimtembeza kwa miguu kilomita tisa mpaka kwa mnunuzi, akasimama kando ya njia, akamngoja aingie peke yake akaombe radhi na kuirudisha ile karatasi. Lori lile, lilipojaribiwa baridi, lilikohoa mpaka saa tatu. Tangu siku hiyo Mukalay hakusema "baridi" juu ya kitu chenye joto. Miaka ishirini na sita.

Siku hizo ving'ora vya kampuni vilipangilia maisha ya mji mzima. Kilipolia cha asubuhi, hata kuku walijua. Mkate ulikuja kwa gari. Watoto wa Mulumba na watoto wa Mukalay walisoma dawati moja, wakapigwa fimbo moja, na hakuna aliyeuliza kijiji cha babu wa mwenzake kilikuwa ng'ambo gani ya mto. Mtu akikumbuka hayo sasa anaambiwa ni ndoto za wazee. Si ndoto. Kulikuwa na mji wa namna hiyo.

Kisha mambo yakaanza kuvunjika moja moja. Mgodi wa chini ukaporomoka. Mwaka uliofuata, askari wasiolipwa wakapora maduka, na raia wakafuata nyuma yao na mikokoteni. Mishahara ikachelewa mwezi, kisha miezi. Noti ya zaire uliyolala nayo usiku, ulipoamka asubuhi ilikuwa imepungua thamani, hata ikawa watu hawatajiani tena bei kwa noti. Kitu kidogo kilitiwa bei kwa mabakuli ya unga. Kitu kikubwa kilitiwa bei kwa madramu ya mazuti, yaani mafuta ya dizeli. Ng'ombe alikuwa dramu moja na kidogo. Nyumba ya matofali ilikuwa madramu ishirini, kama mwenye kuuza hakuwa na haraka.

Na mwezi wa tatu wa mwaka 1993, wenye asili ya Kasai walikuwa na haraka.

Hakuna haja ya kueleza ilianzaje. Wakubwa wa Katanga walisema kwenye redio kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na wadogo wakayatenda. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na matawi vichwani, wakiimba. Jirani aliyekopa chumvi jana alisimama leo getini na panga, anasema, "Toka, nyumba ni ya wenye inchi," akimaanisha wenyeji wa nchi. Waliwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Watu waliozaliwa Kolwezi walikokota magodoro mpaka stesheni ya treni, wakalala pale chini ya maturubai kwa maelfu, wakingoja behewa ambalo lilikuja leo, halafu halikuja wiki mbili. Surua iliingia. Kuhara kuliingia. Waliokufa walizikwa jirani na reli.

Mmoja wa vijana wale alikuwa Stany, mtoto wa dada yake Mukalay, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa amekula sahani ngapi kwa mama Adolphine. Stany ndiye aliyeingia katika nyumba ya Mulumba. Mukalay alipokwenda kumsema, alimkuta ameketi kwenye kiti cha Mulumba chenye mikono.

"Stany, hiki kiti unakijua ni cha nani?"

"Yomba, kiti ni cha mwenye kukaa."

"Mama Adolphine alikulea."

"Na mi sikumupiga," alisema Stany. "Wengine banapigwa. Uliza stesheni. Mi nilibebea yeye valizi mupaka njiani. Ni wema gani unataka tena?"

Mukalay alirudi nyumbani. Mke wake, Mado, alimwambia asiende tena stesheni kwa Mulumba, kwa maana majirani walikwisha kuanza kumhesabu miongoni mwa rafiki za bilulu, na nyumba yao ilikuwa na paa zuri. Tangu siku hiyo alipita stesheni mara moja tu kwa wiki, na unga chini ya koti, kama mwizi.

Mulumba alikuwa na watu tisa chini ya turubai moja: yeye, mkewe, watoto na wajukuu. Alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki. Kilomita sita nje ya mji, njia ya Mutshatsha, katika kibanda cha matofali mabichi, lilikuwepo trekta lake. Lilikuwa trekta dogo la dizeli, jekundu, la Kijapani, silinda tatu, nguvu za farasi ishirini na nne. Mgiriki mmoja mwenye shamba la mboga ndiye aliyelileta, na baada ya vita ya mwaka sabini na nane akapanda ndege asirudi. Mulumba alilinunua likiwa bado linanukia rangi. Kwa miaka kumi na minne lililima bustani za watu, likavuta maji, likabeba mahindi na maharusi. Lakini mazuti yalipokuwa adimu lilikaa kibandani, na Mukalay hakuwa ameliona kwa zaidi ya mwaka.

Mnunuzi alikuwepo. Alikuwa Abedi, msafirishaji, Mwislamu ambaye watu wake walitoka upande wa Kasongo, mtu wa maneno machache na kofia safi. Abedi alikuwa na shamba karibu na kile kibanda, alilihitaji trekta, na alikuwa na kamio, lori linalokwenda Sandoa kuchukua mihogo. Mulumba alimwomba jambo moja: kamio lisiishie Sandoa, liendelee mpaka ng'ambo ya Kapanga, kwenye mpaka wa Kasai, na watu tisa chini ya turubai. Trekta liwe nauli.

Abedi alipiga hesabu yake waziwazi, kama ilivyokuwa desturi yake. "Mafuta, vizuizi vya njiani, dereva kuhatarisha kichwa chake. Ni madramu tisa, tata Mulumba. Kama trekta inafika tisa, kamio inaondoka kesho kutwa asubuhi. Kama haifiki, mi niko na batoto pia. Tumwite Tata Baridi. Atakachosema, mi nakikubali."

Hakuna aliyeona ajabu katika hilo. Mji ulikuwa umepoteza kila kitu, lakini neno la mkono ule lilikuwa bado linapita. Hata Stany, aliyepata habari, alimjia Mukalay jioni yake akitafuna muwa.

"Yomba, nimesikia muko na kazi njia ya Mutshatsha."

"Ni kazi yangu ya siku zote."

"Sikatazi. Comité yetu ya vijana inasema: kitu chenye kuuzwa na karatasi, ni cha mwenye kununua. Karatasi yako tutaiheshimu, juu uko tata yetu." Alitema makapi ya muwa. "Lakini isipoandikwa asubuhi ya kamio kuondoka, basi. Mchana tunaenda kulikokota. Kitu cha bilulu kisicho na karatasi ni cha wenye inchi. Usiniambie kesho-kesho yako."

Mukalay aliingia ndani kutafuta karatasi nyeupe.

Asubuhi ile alitembea kilomita zile sita akiwa na karatasi nyeupe kifuani. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye majani ya mahindi. Alipofika aliwakuta wote: Abedi na dereva wake Iddy, kamio likiwa tayari limeelekezwa magharibi, Stany na wenzake wawili wamekaa juu ya tairi kuukuu, wanacheka, na kando ya kamio mama Adolphine, amelazwa kwenye mkeka, uso umekuwa kama majivu, wajukuu wamemzunguka. Alikuwa na kuhara kwa siku ya nne. Mtu aliyeona wagonjwa wa stesheni alijua siku ya nne ina maana gani.

Mulumba alisimama mlangoni mwa kibanda, ndani ya ovaroli yake. Ilikuwa imekunjamana. Mukalay hakuwahi kuiona imekunjamana.

"Jambo, tata."

"Jambo, Mukalay."

Ndani kulikuwa na giza kidogo. Kabla hajafunua boneti aliona vitu viwili ambavyo mwingine asingeviona. Udongo chini ya rejeta ulikuwa na majimaji, na usiku mvua haikunyesha. Na kwenye pembe, mtu alikuwa amefagia majivu ya makaa, lakini hakuyamaliza. Mukalay alielewa kabla ya kugusa. Fundi akitaka kuamsha dizeli iliyochoka, huchemsha maji, akayamimina kwenye rejeta, akayatoa, akamimina mengine, mpaka chuma kipate uhai, kisha huiacha iungurume kidogo. Ni kazi ya saa mbili. Mzee wa miaka hamsini na tisa alikuwa ametoka stesheni kwa miguu saa nane usiku, amepita vizuizi vya vijana, ili kuwasha moto mdogo ndani ya kibanda.

Alifunua boneti. Aliweka mkono.

Haikuwa moto wa kuunguza. Ilikuwa vuguvugu, kama ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Lakini miaka ishirini na sita ilikuwa ndani ya kile kiganja, na kiganja hakikuwa na shaka.

Alijua pia maana yake. Mulumba asingefanya hivyo kama trekta lingeweza kuwaka lenyewe. Kwa hiyo pete zimekwisha, au pampu, au vyote viwili, na vipuri vyake havikuwepo tena Kolwezi wala Lubumbashi. Trekta la namna ile likiwaka baridi lilikuwa madramu kumi. Lisipowaka, lilikuwa manne, na hayo kwa ajili ya magurudumu.

Akainua macho. Mulumba alikuwa anatazama viatu vyake.

Kama ingekuwa mwaka mwingine, neno lilikuwa tayari: kesho. Lakini kesho kamio lingekuwa Mutshatsha bila wao. Kesho trekta lingekuwa la Stany. Na mama Adolphine, yule pale kwenye mkeka, ndiye aliyekuwa akimngojea na sahani iliyofunikwa. Akisema moto, amemzika kwa mdomo wake. Akisema baridi, amemwibia Abedi, mtu asiyemkosea, aliyesimama pale na kofia yake safi, anangoja kuamini. Mukalay aliutafuta mlango wa tatu. Alifikiri kumvuta Abedi kando amwombe huruma. Lakini Stany angesikia, na karatasi isingekuwa karatasi tena. Hapakuwa na mlango wa tatu. Mkono ulikuwa umekwama juu ya chuma kama umegandishwa.

"Yomba amelala juu ya injini," alisema Stany, na wenzake wakacheka. "Mumwamushe."

"Tata?" aliuliza Abedi taratibu. "Iko je?"

Mukalay aliondoa mkono, akaushusha kando ya suruali.

"Baridi," alisema.

Baada ya hapo alifanya kazi ile kwa ukali ambao hawakuwahi kuuona. Alitaja kila dosari kwa sauti, kama mtu anayekiri. Gurudumu la nyuma la kushoto limepasuka kando. Mikono ya kuinulia jembe inavuja oili. Kioo cha saa za kazi kimevunjika, kinasoma elfu sita na mia mbili, lakini hakiaminiki. Kiti kimeshonwa kwa waya. Alitoa, akatoa tena, hata Abedi akasema, "Tata, inatosha, ni muzee, tunajua." Mulumba alipanda, akazungusha ufunguo. Trekta likawaka kwa pigo la kwanza. Mjukuu mmoja alipiga makofi.

"Kama imenunuliwa leo!" alisema Abedi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Mukalay aliandika *madramu tisa* kwenye karatasi, akatia sahihi. Akampa Abedi karatasi.

Waliwapakia watu tisa. Mama Adolphine alibebwa na Iddy kama mzigo wa nguo. Stany aliisoma ile karatasi, akairudisha, akasema, "Sawa, ni ya muzee Abedi," akaenda zake na wenzake. Mulumba ndiye aliyepanda mwisho. Alikuwa ameshikilia ubao wa kamio, mguu mmoja bado chini, alipomgeukia mwanafunzi wake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kwamba walitazamana.

"Nawa mukono," alisema.

Hakuongeza ile nusu ya pili. Turubai likashushwa.

Kesho yake, saa moja ya asubuhi, Abedi alibisha kwa Mukalay.

"Tata, trekta inakataa."

"Nakuja."

Mukalay alimwambia Mado achemshe birika kubwa. Mado aliuliza la nini, hakujibiwa. Alitembea zile kilomita sita na birika limefungwa ndani ya blanketi, akachemsha mengine palepale, akamimina kwenye rejeta, akatoa, akamimina. Abedi alisimama mlangoni akitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mtu wa magari maisha yake yote. Alitazama maji, akatazama udongo uliolowa chini ya rejeta, ambao ulikuwa umelowa hata jana. Trekta likawaka.

"Tata Mukalay," alisema Abedi. "Jana uliweka mukono?"

"Niliweka."

"Ilikuwa baridi?"

Mukalay alikuwa na nafasi ya pili ya kusema kweli, na kamio lilikuwa limekwisha kufika mbali. Lakini habari zilikuwa zinasafiri kwa redio za wachimbaji na wenye malori, na vizuizi vilikuwa vingi mpaka Sandoa, na Abedi alikuwa na haki ya kumrudisha Iddy kwa neno moja. Mukalay alifunga kifuniko cha rejeta, akakikaza kupita kiasi.

Abedi alingoja, kisha akatikisa kichwa. Hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana.

"Basi utakuja kila asubuhi," alisema.

"Nitakuja."

Iddy alirudi baada ya siku kumi na moja. Mukalay alimkuta barabarani, anaosha kamio.

"Walifika?"

"Bote tisa, tata."

"Na mama?"

"Mama alikunywa maji ya chumvi na sukari njia yote. Kule Kapanga masista walimutia maji ya mushipa. Alishuka na miguu yake."

Mukalay alikaa chini kwenye jiwe. "Na muzee? Alituma neno?"

Iddy alifikiri. "Hapana. Alishuka, akazunguka mbele, akaweka mukono juu ya boneti ya kamio. Akakaa hivi kidogo. Kisha akaenda."

Mulumba hakutuma neno wakati huo, wala baadaye. Mukalay hakumlaumu. Alijua kwamba mtu aliyemtembeza kilomita tisa mwaka 1967 akaombe radhi kwa kosa lilelile hakuwa na namna ya kumwandikia barua.

Alikwenda kila asubuhi kwa miaka mitatu. Mvua ikinyesha alikwenda, homa ikimshika alikwenda, na birika ndani ya blanketi. Abedi hakutangaza habari ile sokoni, lakini alipoulizwa alisema kweli: "Alisema baridi." Ilitosha. Mfanyabiashara wa Tenke aliyekuwa amemwita apime jenereta alituma mtu kusema haina haja. Kisha wa Sandoa. Kisha wote. Wanawake wa soko walimwona anapita na birika wakamwita: "Tata Baridi! Hiyo chai iko baridi?" Stany ndiye aliyecheka zaidi, na Stany ndiye aliyekuwa anakalia kiti cha watu.

Hakuna aliyesema: huyu alitoa jina lake, watu tisa wakaishi. Jambo hilo halikuingia kwenye karatasi yoyote. Na yeye mwenyewe hakulisema, kwa sababu kila alipotaka kulisema alikumbuka uso wa Abedi pale mlangoni, anangoja.

Mwaka wa 1996 pampu ilikufa kabisa, na maji ya moto hayakusaidia tena. Wakati huo mashine zote za Kolwezi zilikuwa zinakatwa vipande na kupelekwa ng'ambo ya mpaka kama vyuma chakavu: malori, vinu, hata reli zilizowapeleka watu Kasai. Abedi alilikokota trekta mpaka kwa wanunuzi wa vyuma. Alimwambia Mukalay aje, kwa desturi tu, labda kwa huruma.

Mnunuzi alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni. Hakufunua boneti. Hakuuliza saa za kazi, wala gia, wala oili. Alilifunga mnyororo, wakalinyanyua, akasoma mshale wa mizani.

Lilipokuwa linaning'inia, Mukalay alisogea, akaingiza mkono chini ya boneti iliyolegea, akauweka juu ya bloku. Kijana alimwona.

"Muzee, toka hapo, itakuangukia. Unatafuta nini?"

Ilikuwa baridi. Ilikuwa baridi kabisa, mpaka ndani ya chuma. Mukalay alifungua mdomo alitaje lile neno, akamtazama Abedi. Abedi alikuwa anahesabu kilo pamoja na yule kijana.

Akauondoa mkono, akaenda kutafuta maji ya kunawa.